Diski Sita za Boksi Moja

Tangu mkewe Loisi azikwe, hakuna mtu aliyemtuma Obedi kitu cha maana. Alitumwa kiberiti, alitumwa vocha, alitumwa aangalie kama bomba limetoa maji, na kwa kawaida lilikuwa halijatoa. Kwa hiyo siku binti yake Devota alipompa bahasha na kumwambia aende Majengo kwa Swalihu akachukue diski za kompyuta, mzee alivaa koti lake la kanisani, akapaka mafuta usoni, akasimama katikati ya ua kama mtu anayesubiri kupigwa picha.

"Mbili tu, baba," Devota alirudia, bisibisi ameichomeka kwenye nywele. "Zile nzuri. Nimeshaongea na Swalihu, anazijua. Usinunue kitu kingine."

"Kwani mimi mtoto?"

"Sijasema wewe mtoto."

"Nimenunua ng'ombe mnadani kabla mama yako hajanijua."

"Hizi hazina meno ya kufunua ukaangalia umri."

Devota alicheka, na Obedi naye akacheka, maana kicheko kilikuwa kimekuwa adimu katika nyumba ile kama mvua ya Juni.

Nyumba yenyewe ilikuwa Nzuguni, pembeni mwa Dodoma, kwenye kiwanja walichopewa baada ya mashamba yao kupimwa. Neno hilo, kupimwa, Obedi alilitoa mdomoni kama mtu anayetema kokwa. Walikuja vijana na vifaa vya miguu mitatu, wakapima shamba la uwele alilolima baba yake, wakachomeka vigingi vyeupe, na wakubwa wakasema mji unakua. Ulikua kweli. Ng'ombe ndio waliokosa pa kukanyaga, wakauzwa mmoja mmoja, Obedi akabaki na fimbo. Loisi hakulalamika. Alichukua meza ya nafaka sokoni Majengo, akauza uwele na mtama na karanga, akamsomesha Devota mambo ya kompyuta mpaka akamaliza chuo. Devota akatuma maombi ya kazi kila mahali. Walio juu wakamjibu kwa kukaa kimya, kama wanavyowajibu wote wasio na mjomba ofisini.

"Kama hawampi kazi, tutaijenga hapahapa sebuleni," Loisi alisema.

Wakatoa makochi, wakaingiza kompyuta sita zilizokwisha kutumika, na vijana wakaanza kuja kucheza gemu: mpira, magari, vita. Rangi ya ukutani ilikuwa haijakauka sawasawa Loisi alipodondoka jikoni. Gari la wagonjwa lilikuwepo, limeegeshwa, limeoshwa, linang'aa. Lilikosa mafuta. Obedi aliambiwa hivyo na mtu aliyevaa shati jeupe, kwa upole kabisa, kana kwamba kukosa mafuta ni jambo linaloshuka kutoka mawinguni. Walimpakia Loisi kwenye bajaji. Alifika amepoa.

Toka siku hiyo Obedi hakuwa na neno zuri kwa mtu yeyote mwenye mhuri. Mwenyekiti wa mtaa alipompungia mkono, aliutazama ule mkono mpaka ukashuka wenyewe.

Sasa shida ya chumba cha gemu ilikuwa diski. Kompyuta zote zilikuwa na zile za zamani, zenye sahani inayozunguka ndani na kulia krr, krr, kama panya kwenye ghala. Kijana anabonyeza gemu, anatoka nje kununua chipsi, anakula, ananawa, anarudi, picha bado inazunguka. "Dada Devota, hii imelala au imezimia?" walikuwa wakiuliza. Na Devota alikuwa ameshatangaza shindano la mpira wakati wa likizo, na vijana wa vyuo walikuwa wamejiandikisha kutoka kila upande wa mji. Mpango wake ulikuwa mwepesi. Mechi zote zichezwe kwenye kompyuta mbili tu, nazo zifungwe diski mpya za uhakika, zile wanazoziita SSD, zisizo na sahani wala kelele, zinazofungua gemu kabla mchezaji hajakaa sawa. Nyingine nne ziendelee na uzee wao. Watoto wa majirani wangezichezea gemu ndogondogo.

"Shindano likienda vizuri, nakaa, baba," alikuwa amemwambia juzi yake, wamekaa uani anachambua mlenda. "Jina litatoka, nitapata wateja wa kudumu. Likiharibika, naenda Arusha kwa shangazi Priska. Ana duka la kuchapa na kutoa kopi, ananihitaji. Sikutishi. Nakuambia tu usije ukashtuka."

Obedi aliokota jani la mlenda lililoanguka. Aliwaza nyumba itakavyokuwa na mtu mmoja na kompyuta sita. Kumpikia mtu mmoja ni aibu hata kwa moto wenyewe.

*

Duka la Swalihu lilikuwa dogo, limebanwa kati ya muuza magunia na muuza ndoo. Swalihu alikuwa mtu wa mjini, wa mjini hasa, ambaye babu wa babu yake alikuta Dodoma ni kijiji cha kupumzisha mizigo. Kofia safi, sauti laini, na mkono mwepesi wa kutoa kitu rafuni. Alimjua Obedi kwa sababu alimjua Loisi. Meza ya nafaka ilikuwa ng'ambo tu ya barabara.

"Shikamoo, mzee wangu. Karibu."

"Marahaba. Nimetumwa."

"Najua. Za Devota nimeziweka pembeni."

Akaweka juu ya kioo viboksi viwili vyeusi, visivyo na madoido. Obedi alikiinua kimoja. Kilikuwa chepesi kama biskuti.

"Hela yote ile ndiyo hii?"

"Ndiyo hii, mzee. Usiitazame kwa uzito. Hii ukiijaza haichoki, umeme ukikatika ukirudi inajikusanya yenyewe inaendelea. Na ina waranti ya miaka. Ikifa, unanirudishia mimi, nahangaika mimi."

"Na zile?"

Obedi alikuwa anaonyesha boksi la karatasi lililofunguliwa rafu ya chini, limejaa viboksi vyenye rangi kali na picha ya moto unaowaka.

"Zile nazo ni SSD. Za bei ya chini."

"Kazi yake?"

"Kazi ileile." Swalihu alikuna kidevu. "Kwa kuanzia."

"Na waranti?"

"Waranti yake ni huo mlango. Ukishautoka, umetoka." Akacheka, kisha akaacha kucheka alipoona mzee hacheki. "Sikufichi, mzee wangu. Nauza zote kwa sababu watu wananunua zote. Lakini Devota kasema hizi."

Obedi aliuliza bei, akapiga hesabu. Bahasha ile ya diski mbili nyeusi ingetoa sita zenye moto. Kila kompyuta na yake.

Akawaza kama alivyozoea kuwaza, yaani kwa ng'ombe. Baba yake alikuwa na ng'ombe wengi waliokonda, na kila ukame ulipopita alibaki na wachache waliokonda zaidi, lakini alibaki nao. Jirani yao alikuwa na mafahali wawili wa kuonyesha wageni. Ukame mmoja tu, akabaki na ngozi mbili. Mtu mwenye sita, mmoja akifa ana watano. Mwenye wawili, mmoja akifa anaanza kuomba maziwa. Mambo haya hayafundishwi chuoni.

Na lilikuwepo jingine. Lile la wawili kupewa kizuri na wanne kuachiwa uzee lilimkera tangu alipolisikia. Alilijua. Barabara za lami zilikuwa na watu wake, taa zilikuwa na watu wake, gari la wagonjwa lenye mafuta lilikuwa na watu wake. Ndani ya nyumba yake mwenyewe, jamani, nako kuwe na wa mbele na wa nyuma?

"Nipe hizo sita," alisema.

Swalihu alitafuta simu mfukoni. "Ngoja nimpigie Devota kwanza."

"Usimpigie. Mwenye nyumba ni nani?"

"Ni wewe, mzee wangu."

"Basi."

Swalihu alirudisha simu, akavuta pumzi. "Sawa. Kama ni za bei ya chini, nikuchanganyie. Mbili za boksi hili, mbili za kampuni ile, mbili za ile nyingine kule juu. Boksi zima la aina moja likija na kasoro, linakuja nayo lote. Zikiwa mchanganyiko, angalau..."

Hapo ndipo alipoharibu. Obedi alikuwa ameishi miaka yake na mwanamke wa nafaka. Kila jioni Loisi alirudi na habari ya nani kachanganya: mahindi ya zamani na mapya, karanga zilizooza chini na nzima juu, mtama wa Singida na wa ghala la msaada. Loisi alikuwa akitumbukiza mkono kwenye gunia mpaka kwapani, akitoa kiganja kutoka chini kabisa, na akikuta rangi mbili hanunui hata umbembeleze vipi. Kuchanganya, katika nyumba ya Obedi, kulikuwa jina la pili la wizi.

"Usinichanganyie," alisema, na sauti yake ikamfanya muuza ndoo ageuke. "Mimi mume wa Loisi, unichanganyie? Nataka zote za boksi moja. Nione namba."

Swalihu akamtolea. Obedi alizipanga juu ya kioo, akasogeza macho karibu. Kusoma kwake kulikuwa kwa shida lakini tarakimu alizijua, na tarakimu zilizoandikwa mgongoni mwa zile diski zilifuatana vizuri, moja baada ya nyingine, kama ndama wa ng'ombe mmoja. Akaridhika.

"Hizi ni ndugu," alisema.

"Ni ndugu kweli," Swalihu alijibu. Alizifunga kwenye mfuko polepole, kama mtu anayempa nafasi mwenzake abadili mawazo. Obedi hakubadili. Alirudi Nzuguni amepakata mfuko magotini, na kwa mara ya kwanza tangu msiba aliona njaa.

*

Alizipanga mezani kwa mstari, kama zamani alivyokuwa akiingiza mifugo uani akitoka mnadani ili watu wa nyumbani wahesabu wenyewe. Devota alitoka jikoni anafuta mikono. Akahesabu kwa macho.

"Zile nzuri ziko wapi?"

"Hizi hapa. Hakuna kompyuta itakayobaki inalia."

"Baba, nilisema mbili."

"Mbili za nini? Wawili wafurahi, wanne watazame? Hayo wafanye wakubwa huko kwao. Hapa kwangu hapana."

Devota aliokota moja, akaigeuza, akasoma mgongoni. Akaokota nyingine. Akakaa.

"Zinarudishwa?"

"Swalihu kasema hazirudi. Lakini za nini kurudisha? Nimekagua. Zote za boksi moja, hakuna mchanganyiko."

Devota alimwangalia kwa muda mrefu, macho ya mama yake kabisa. Shindano lilikuwa kesho yake. Bahasha nyingine haikuwepo. Aliichomoa bisibisi kwenye nywele, akainama kwenye kompyuta ya kwanza, akaanza kulegeza skrubu. Hakusema neno, na Obedi akakichukua kile kimya kuwa ni kukubali, kama viongozi wanavyokichukua kimya cha mkutano wa hadhara.

Na kesho yake, kwa kweli, palikuwa na raha. Kompyuta zilifunguka kama mtu anayepepesa macho. Vijana walijaa mpaka dirishani. Alikuwepo mmoja, Mudrick, mwanafunzi wa chuo kikuu, mrefu, mwenye mdomo uliomtangulia kufika kila mahali, bingwa wa gemu za mpira kwa kujisema mwenyewe. Alipobonyeza na uwanja ukatokea hapohapo, nyasi na mashabiki na kila kitu, aliruka kutoka kwenye kiti.

"Aisee! Mzee, hapa Nzuguni au Ulaya?"

"Nzuguni," Obedi alijibu kutoka kwenye kigoda chake cha mlangoni. Alikuwa amevaa koti.

"Shikamoo, mzee! Nimesahau kukuamkia kwa mshtuko."

"Marahaba. Cheza."

Kwa sababu kompyuta zote zilikuwa mpya tumboni, mechi zilichezwa tatu kwa pamoja, na jioni kukawa na vijana waliokuwa wanauliza shindano jingine litakuwa lini. Obedi alimfuata Devota aliyekuwa anapitisha kiganja juu ya kompyuta moja baada ya nyingine.

"Umeona?"

"Zinachemka sana, baba."

"Hata mtu akifanya kazi anachemka."

"Na zimeanza kujaa. Zikijaa hizi..." Hakumalizia. "Kesho ndiyo kesho. Tuombe Mungu."

Alilala usingizi mzuri, mzee wa watu. Hilo asinyimwe.

*

Ya kwanza kuganda ilikuwa ile ya dirishani, katikati ya mechi ya siku ya pili. Mudrick alikuwa amebaki na kipa tu. Mguu ukainuka, mpira ukatoka, na kila kitu kikasimama, mpira hewani, kipa amejinyoosha, mashabiki wamefungua midomo. Watu walisubiri. Devota akaizima, akaiwasha. Kompyuta ikaandika kwa maandishi meupe kwamba haioni diski yoyote.

"Mhamishe kwenye nyingine," Obedi alisema kwa utulivu wa mtu mwenye akiba.

Wakamhamisha. Hajamaliza kuingiza jina, ya pembeni yake ikawa ya bluu, kioo kizima. Kisha ya ukutani ikaanza kwenda kwa kusuasua, wachezaji wanatembea kama waliokanyaga gundi, ikasimama. Hazikuishia hapo. Obedi aliliona jambo lile likipita chumbani kutoka kompyuta hii kwenda ile, na alikuwa ameshawahi kuliona. Lilikuwa linapita hivyohivyo zizini, miaka ya utoto wake: mmoja anainamisha kichwa asubuhi, mchana wa pili, jioni unahesabu mizoga.

Na ndipo akakumbuka kitu ambacho hakukitaka. Baba yake hakuwahi kulaza ng'ombe wake wote zizi moja. Wengine aliwakabidhi kwa rafiki Buigiri, wengine kwa shemeji Mvumi, wengine kwa mtu ambaye Obedi hakumjua hata jina. Homa ikiingia kwenye lango moja, imeingia kwenye hilo tu. Alikuwa anajua hivyo kabla hajajua kuvaa suruali. Alikuwa amekumbuka wingi wa ng'ombe wa baba yake, akasahau mahali walipolala.

Umeme nao ukakatika. Ukarudi, ukakatika tena, kama mtu anayechezea swichi. Uliporudi wa kukaa, zile mbili zilizokuwa zimebaki ziliwaka, zikafikiri, zikaandika maandishi meupe yaleyale.

Vijana wakaanza kunung'unika. Walikuwa wametoa viingilio, wengine wamepanda bodaboda kutoka mbali. Devota alikuwa chini ya meza, anachomoa na kuchomeka, jasho linadondoka. Mtu alipaswa kusema kitu. Obedi akasimama. Alivuta koti, akakohoa.

"Vijana wangu," alisema, "tulieni. Tatizo tumeliona, na linashughulikiwa."

"Litashughulikiwa lini, mzee?" mmoja akauliza kutoka dirishani.

"Hivi karibuni. Kuna changamoto ndogo ya umeme, iko nje ya uwezo wetu. Naomba muwe na subira, wakati wataalamu..."

Alijisikia anavyosema. Maneno yalikuwa yanatoka yenyewe, yamepangwa, laini, na sauti ilikuwa ile, ile ya mtu wa shati jeupe aliyesimama mbele ya gari linalong'aa. Akajaribu kujizuia, lakini neno moja lilikuwa limeshamvuta mwenzake.

"...wakati wataalamu wanaendelea na hatua stahiki."

Kisha Mudrick akasimama, akafunga kifungo cha shati ambacho hakikuwepo, akanyoosha mkono juu.

"Mheshimiwa Spika! Swali la nyongeza!"

Kicheko kililipuka mpaka barabarani. Ni vijana wa Dodoma, wamekua wanasikia bunge redioni kama wengine wanavyosikia majogoo.

"Mheshimiwa Spika," Mudrick aliendelea, amekaza uso, "pamoja na majibu mazuri ya Mheshimiwa Waziri wa Diski, je, serikali yake iko tayari kufuatana na mimi mpaka kwenye kompyuta ile ya dirishani, ikajionee goli langu lililoganda?"

"Makofi!" wakapiga meza. "Waziri ajibu! Waziri ajibu!"

"Ajiuzulu!" akasema mwingine.

Hawakuwa na ubaya. Mudrick mwenyewe alipoona uso wa mzee, alishusha mkono. "Utani, mzee. Samahani, mzee wangu." Lakini Obedi alikuwa ameshakaa kwenye kigoda, na mikono ilikuwa inatafuta kitu cha kushika.

Devota alitoka chini ya meza na vumbi kichwani. Hakutoa hotuba. Alisema, "Jamani, nimeshindwa. Njooni mchukue viingilio vyenu," akasimama mlangoni akimrudishia kila mmoja wake, akimtazama kila mmoja usoni. Wengine walisema pole dada. Wengine walisema wanakwenda kule Makole, kuna jamaa kafungua chumba, mashine zake chache lakini haziumwi. Mchana ulikuwa bado mweupe kabisa chumba kilipobaki kitupu.

Obedi alianza. Alijua hapaswi kuanza, lakini angefanya nini kingine?

"Umeona umeme wao? Wanakata wanarudisha, wanakata wanarudisha, nani atadumu? Na hao wa viwango, wanaokaa kwenye ofisi zenye kiyoyozi, takataka kama hizi zimepitaje bandarini? Nani kazipigia mhuri? Kama kungekuwa na mtu mmoja, mmoja tu, anayefanya kazi yake katika nchi hii..."

"Kweli, baba," Devota alisema. Alikuwa anafungua kompyuta ya dirishani, anatoa ile diski. Ilikuwa bado ya moto. Aliishika kwa ncha za vidole. "Wote hao wana makosa. Sibishi. Lakini hakuna hata mmoja wao aliyekwenda Majengo."

Alisema bila ukali. Angesema kwa ukali, Obedi angejua la kufanya. Angepandisha sauti, angemwambia yeye ni nani. Alitazama mstari wa kompyuta na vioo vyake vyeusi, na katika kila kimoja palikuwa na mzee amevaa koti.

"Uliniuliza mimi?" Devota aliendelea, kama anayejisemea. "Au uliwauliza hao waliokuwa wacheze? Ulituamulia tu. Sita, ili zionekane ni nyingi."

Akaziweka diski zote kwenye mfuko uleule zilizokuja nao, akaufunga fundo, akaingia ndani. Obedi alisikia kabati likifunguliwa, hanga zikigongana, kisha sauti yake kwenye simu: "Shikamoo, shangazi."

*

Kesho yake asubuhi Obedi alisema atamsindikiza. Devota hakumpinga. Alibeba begi yeye mwenyewe, na alikuwa na neno aliloliandaa tangu alipoamka. Halikuwa refu. Lilikuwa na mambo mawili tu ndani yake, la kwanza kwamba alikosea, la pili kwamba abaki. Lakini mtu ambaye hajawahi kutamka neno kama hilo tangu azaliwe anahitaji mwendo. Anahitaji barabara, apite nyumba, apite miti, koo lilegee.

Walitoka. Kwanza ilibidi wazungumze habari ya ufunguo. Halafu habari ya maji, kwamba muuza maji aachiwe ndoo nje siku ya ibada. Halafu mama mmoja jirani akawasimamisha kwa salamu ya Kigogo.

"Mbukwa, baba Devota! Mnasafiri?"

"Mbukwa. Yeye ndiye anasafiri."

"Haya, msalimie Priska!"

Wakavuka barabara kubwa, Obedi akahesabu kwamba wakifika kwenye ule uzio wa kituo kipya cha mabasi atasema. Kumbe uzio wameshaufikia. Wapiga debe walishawaona.

"Arusha, dada! Arusha siti ya dirisha! Mzee, lete begi!"

Begi likaondoka mkononi kabla hajajua nani kalichukua. Devota alikuwa tayari kwenye ngazi ya basi. Akageuka, akashuka tena, akamshika baba yake mkono, akapiga goti kidogo kama mama yake alivyomfundisha.

"Ule, baba. Usikae na chai tu."

"Nitakula."

"Nikifika nitapiga."

"Haya."

Ndilo neno lililotoka. Mlango ukafungwa, basi likarudi nyuma, likageuka, likaingia barabarani. Aliliangalia mpaka likawa dogo, kisha akabaki anatazama kituo chenyewe, ukubwa wake, mabati yake mapya, maandishi yake. Zamani mtu akitaka kusafiri kutoka huku ilibidi aingie mjini kwanza. Mlikaa pamoja, mlitembea pamoja, palikuwa na muda.

"Nani aliwaambia wakiweke hapa?" alimwambia mpiga debe aliyekuwa karibu. "Karibu hivi? Mlangoni kwa mtu? Waliuliza nani?"

"Mzee, unakwenda Arusha? Kuna jingine linajaza."

"Mtu hatembei hata kidogo kashafika. Hapati nafasi ya kusema kitu."

Mpiga debe alishamwacha, anamkimbilia abiria mwingine mwenye sanduku. Obedi aliendelea kusimama pale amevaa koti, anawalaumu, na jua lilikuwa linapanda.